Kutwa Mara Tatu

Katika maduka ya dawa ya Bagamoyo, kama kwingineko Tanzania, hakuna maneno yanayoandikwa mara nyingi kama haya: kutwa mara tatu. Muuzaji huandika 1×3 kwa kalamu juu ya kibahasha, humtazama mteja, humtamkia kwa sauti ili asisahau, na mteja hutoka akiijua idadi. Saa ameachiwa mwenyewe.

Neno lenyewe limebeba jambo ambalo mazoea yamelifunika. Kutwa ni mchana mzima, tangu jua litoke hadi lichwe. Usiku una neno lake, kucha. Mtu hushinda kutwa na hukesha kucha. Kibahasha kikisomwa kwa maana yake ya asili, kinazungumza na nusu moja tu ya maisha ya mgonjwa, ile inayotembea juani. Nusu iliyolala haikuandikiwa kitu.

Na mifupa, kwa sehemu kubwa, ni habari ya ile nusu iliyolala.

Mfupa hauonekani kuwa kitu kinachokwenda na saa. Mikononi mwa mwanafunzi wa udaktari ni kitu kikavu, kigumu, kilichokwisha. Mfupa ulio hai ni mambo mengine kabisa. Ndani yake wamo mafundi wa aina mbili wanaopokezana kazi maisha yote: seli zinazobomoa mfupa uliochakaa, na seli zinazojenga mpya palepale. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Ukipima damu kila baada ya saa chache, utaona mabaki ya mfupa uliobomolewa yakipanda usiku, yakifika kilele baada ya usiku wa manane, kisha yakishuka mchana. Chakula huyashusha zaidi. Ndiyo maana maabara inayopima mabaki hayo humtaka mgonjwa aje asubuhi na mapema kabla hajatia kitu kinywani. Damu ya mtu huyohuyo ikichukuliwa saa nane mchana, baada ya wali na samaki, hutoa jibu jingine, na daktari asiyejua saa ya kipimo anaweza kudhani dawa imefanya kazi kumbe ni wali.

Kwa mtoto lipo jambo la ziada. Mifupa yake mirefu ina bamba la gegedu karibu na ncha, na huko ndiko urefu unakotoka. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitoa matokeo ya kazi isiyo ya kawaida: waliwawekea wanakondoo vipimo vidogo kwenye mfupa wa mguu, vikawa vinasoma urefu wake usiku na mchana. Asilimia 90 au zaidi ya urefu iliongezeka mnyama akiwa amelala au amejipumzisha chini. Aliposimama, uzito wake uliibana gegedu na mfupa ukatulia. Binadamu si kondoo, lakini homoni ya ukuaji nayo inajulikana tangu mwaka 1968 kwamba humwagika kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Bibi anayekataza mjukuu asiamshwe, kwa kuwa mtoto hukua akiwa usingizini, hakuwa na vipimo vya Wisconsin. Alikuwa amelea watoto wengi na kuwatazama.

Nani basi anayeiambia mifupa kwamba usiku umeingia? Dokezo la kwanza lilitoka kwa mmea ambao watoto wa pwani wanaujua kwa kuuchezea vichochoroni: kifauongo, ule unaojikunja ukiguswa kana kwamba umekufa. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza nyota, aliuweka mmea wa namna hiyo mahali pasipofika mwanga. Majani yaliendelea kufunguka mchana na kujifunga usiku bila kuliona jua. Mmea ulikuwa na siku yake ndani. Karne mbili na nusu baadaye, mwaka 1984, Jeffrey Hall na Michael Rosbash katika maabara moja, na Michael Young katika nyingine, waliitenga jeni ya nzi wa matunda inayotengeneza protini inayolimbikizana usiku na kuyeyuka mchana. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Saa ya aina hiyo imekutwa karibu katika kila seli ya mwili wa binadamu, za mifupa zikiwemo, na juu ya zote iko saa kuu: fungu dogo la neva ubongoni, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, ambalo husoma mwanga na kuzirekebisha nyingine. Mwaka 2005 maabara ya Gérard Karsenty ilionyesha kwamba panya walioondolewa jeni za saa hiyo walikuwa na mifupa minene kupita kawaida. Breki ya ujenzi ilikuwa mkononi mwa saa, na saa ilipoondoka mafundi walijenga bila kiasi.

Hapo ndipo swali la kale linaporudi. Je, wakati ni kikapu tu ambamo tendo hutiwa, likabaki lilelile liwe la asubuhi au la usiku? Au wakati ni sehemu ya tendo lenyewe, kiasi kwamba ukiubadili umetenda jambo jingine?

Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alihangaika na wakati katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake, akaishia kuutafuta rohoni: katika kumbukumbu ya yaliyopita, usikivu wa yaliyopo na matarajio ya yajayo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa warithi wa fikra hiyo, na pia wa mazoea ya Kikristo ya kuugawa mchana kwa kengele na sala. Augustino hakuutafuta wakati katika mifupa yake. Angekuwa na sababu ya kufanya hivyo leo, maana saa ya kifauongo na saa ya seli ya mfupa hazina kumbukumbu wala matarajio kwa maana aliyoikusudia, na bado zinajua kwamba alfajiri inakuja kabla haijafika.

Lakini jibu lililo wazi zaidi kuhusu kikapu husikika Bagamoyo mara tano kwa siku. Katika fikihi inayosomeshwa kwenye madrasa za pwani, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kuingia kwa wakati ni sharti la kusihi kwa sala. Anayesali adhuhuri kabla jua halijapinduka hakuiwahi adhuhuri, hana adhuhuri. Ziko pia nyakati ambazo sala ya sunna isiyo na sababu imekatazwa: jua linapochomoza, linapokuwa utosini, linapokuchwa. Rukuu ni ileile, kisomo ni kilekile, nia ni ileile, na hukumu ni tofauti. Mwenye kushikilia kwamba wakati ni kikapu hana namna ya kulieleza jambo hilo. Mtoto wa madrasa analielewa akiwa na miaka saba.

Tiba ya mifupa ina mfano wake, tena wa kutisha kidogo. Shingoni mwa binadamu mna vijitezi vinne vinavyotoa homoni ya kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Homoni hiyo ikikaa juu mfululizo, usiku na mchana, kama inavyomtokea mwenye uvimbe katika kimojawapo cha vijitezi hivyo, huinyonya mifupa hadi ikawa dhaifu. Kipande cha homoni hiyohiyo kimefanywa dawa iitwayo teriparataidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002. Huchomwa sindano mara moja kwa siku, hupanda katika damu, hushuka ndani ya saa chache, na mfupa hujengeka. Kinachobomoa na kinachojenga ni kitu kimoja. Kilichogeuka ni muda wake mwilini. Vidonge vya alendroneti, vinavyojulikana zaidi, vina ukali wa namna nyingine: humezwa asubuhi kwa maji matupu kabla ya chakula, na mgonjwa hukaa wima nusu saa. Akivimeza na chai ya maziwa, ni kama hakuvimeza.

Msomaji wa pwani ana haki ya kuingiwa na shaka hapa. Habari za saa njema na saa mbaya hazikuanza kwake leo. Kwa muda mrefu walimu wa falaki wamefungua vitabu kutafuta siku ya kuoa, siku ya kuanza safari, siku ya kushusha chombo majini, na kuwaonya watu juu ya siku za nuksi. Masheikh wengine nao hawakuchoka kuwapinga, wakisema nyota haina amri juu ya riziki wala ajali ya mtu. Sasa daktari anayesema dawa hii imezwe usiku na ile asubuhi, ana tofauti gani na mwalimu wa falaki?

Tofauti yake ni kwamba amekubali kupimwa na kushindwa hadharani. Kwa miaka kadhaa zilitoka tafiti zilizodai kwamba dawa za shinikizo la damu zikimezwa usiku huokoa watu wengi kuliko zikimezwa asubuhi. Hoja ilikuwa na sura nzuri, kwa sababu shinikizo kwa kawaida hushuka usingizini na kupanda kuelekea kuamka, na mshtuko wa moyo huwapata watu zaidi saa za asubuhi. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao TIME, uliowahusisha watu zaidi ya 21,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakimeza asubuhi na wengine jioni. Tofauti haikuonekana. Saa iliyosifiwa haikuwa bora kuliko nyingine, na wagonjwa wakaambiwa wameze saa watakayoikumbuka. Kitabu cha falaki hakina ukurasa wa namna hiyo.

Kwa mfupa uliovunjika, ushahidi ungali mchanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walieleza mwaka 2020 kuhusu panya waliovunjwa mfupa wa muundi na kutengenezwa kwa upasuaji. Waliopewa dawa za kutuliza maumivu na uvimbe katika saa zao za kuwa macho waliunga vizuri kuliko waliopewa katika saa zao za kulala. Maelezo yao ni kwamba uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya kazi ya kuunga, na kazi hiyo ina zamu. Ukiizima katika zamu yake, umewafukuza mafundi kiwanjani. Panya huwa macho usiku, mtu huwa macho mchana, na kati ya panya na mtu kuna safari ndefu ya kuthibitisha. Haitakuwa busara kulitia jambo hilo kwenye kibahasha leo. Kijana aliyeanguka na bodaboda kati ya Bunju na Mapinga, mfupa ukatoboa ngozi, ana saa moja inayohesabika kuliko zote: ile ya kutoka barabarani hadi kwenye sindano ya kwanza ya antibayotiki na kusafishwa kidonda. Akipelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hakuna atakayemuuliza kama mwili wake uko katika zamu ya kujenga au ya kubomoa. Ni sawa asiulizwe. Swali la zamu linakuja baadaye, katika wiki nyingi za kuunga, wakati amelala kitandani kwake akimeza vidonge kutwa mara tatu.

Pwani hii ilikuwa na sababu nyingine, kongwe zaidi, ya kuijua saa ya mwili. Matende na mabusha yameikaa miili ya watu wa Bagamoyo, Pangani na Tanga kwa vizazi. Vijidudu vya ugonjwa huo mchana hujificha katika mishipa ya mapafu. Usiku hutoka na kuenea katika damu iliyo karibu na ngozi, saa zilezile mbu wanapouma. Mpimaji aliyekuja mchana angeweza kupima kijiji kizima asione kitu. Kwa hiyo wapimaji waliingia vijijini kuanzia saa nne za usiku, wakagonga milango, wakatoa damu kwenye vidole vya watu waliotoka usingizini. Daktari Patrick Manson alikuwa ameligundua jambo hilo nchini China katika miaka ya 1870. Kilichofuata kilikuwa cha ajabu zaidi. Mwaka 1881 huko London, daktari Stephen Mackenzie alimgeuzia mgonjwa mwenye vijidudu hivyo saa za kulala, akamfanya alale mchana na kukesha usiku. Baada ya siku chache vijidudu navyo vikageuza zamu. Havikuwa vikilifuata jua. Vilikuwa vikimfuata mwenyeji wao, na mwenyeji alikuwa amebadili mwenendo.

Basi saa ya mwili ina utii wake. Huvutwa polepole, kama chombo kinavyovutwa kutoka kwenye fungu la mchanga maji yakijaa. Kila mwaka mji mzima wa Bagamoyo hufanya kazi hiyo ya kuvuta. Ukiandama mwezi wa Ramadhani, milo huhama, usingizi hukatika vipande viwili, tarawehe hurefusha jioni na daku huamsha nyumba kabla ya alfajiri. Mbele ya kaunta ya duka la dawa mzee husimama na kibahasha chake. "Mwanangu, hizi za mara tatu nitazimezaje, na mimi nimefunga?" Kijana mwenye kuijua kazi yake hatamwambia azimeze zote pamoja magharibi. "Babu, ngoja kwanza. Turudi kwa daktari, akutafutie za mara moja au mbili, au akwambie kama afya yako inaruhusu kufunga."

Ruhusa ipo. Mgonjwa anaweza kula na kulipa siku nyingine. Asiyetarajiwa kupona hulisha maskini badala yake. Msafiri anaweza kuijumuisha adhuhuri na alasiri. Sheria ileile iliyofanya wakati kuwa sharti ndiyo iliyouachia mwili mlango, na hili si jambo la pembeni. Limo katika mafundisho ya Mtume kwa sahaba aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama kila usiku katika ibada: aliambiwa apunguze, alale, kwa kuwa mwili wake una haki juu yake. Jambo lenye uzito hapo ni kile alichokuwa akikifanya. Hakuwa akicheza ngoma wala kulinda ghala la mtu. Alikuwa akimwabudu Mola wake, na hata hivyo usingizi ulihesabiwa kuwa deni analodaiwa.

Bagamoyo ina mtu ambaye maisha yake yanalikuza swali la nani mwenye saa za mwili wa mtu. Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931 akiwa kiongozi mkubwa wa twarika ya Kadiria katika mji huu, aliletwa pwani kutoka bara akiwa mtumwa. Saa zake za utotoni zilikuwa mali ya mtu mwingine: aamke lini, alale lini, achoke kiasi gani. Mtu huyo akaja kuwa mwalimu ambaye watu walimfuata kwa zikri na nyuradi, yaani kwa mpangilio wa saa za usiku na mchana ambao mtu huuingia kwa hiari yake. Ni vigumu kusimama mbele ya maisha ya namna hiyo na kusema kwamba saa ni jambo dogo la kitabibu. Kumnyima mtu saa zake ilikuwa sehemu kubwa ya kumfanya mtumwa.

Mfupa nao hutunza hesabu. Wahenga wamesema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na kitenzi walichokichagua ni cha ufundi wa mifupa: kuganga ni kufunga, na gango ndilo banzi linaloshikilia mfupa uliovunjika. Lakini kwa mfupa, yaliyopita ni ndwele. Tarehe 24 Februari 1874 msafara ulioongozwa na Susi na Chuma uliingia Bagamoyo na mwili wa bwana wao, mmisionari David Livingstone, aliyefariki mwezi Mei mwaka uliotangulia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walikuwa wameukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu karibu miezi tisa. Ulilazwa usiku ule kwa mapadre wa misheni, ukavushwa Unguja, ukaenda Uingereza. Huko, mwezi Aprili, uso haukuweza kumtambulisha tena. Daktari wa upasuaji William Fergusson aliupapasa mkono wa kushoto, akaukuta mfupa wa juu ambao simba aliuvunja kusini mwa Afrika mwaka 1844 na ambao haukuunga sawasawa, ukabaki na kiungo cha uongo. Kwa miaka 30 mfupa ulikuwa umeitunza siku moja.

Siku moja ya simba huacha alama ambayo daktari anaipapasa kwa vidole. Usiku elfu moja za kukesha huwezi kuzipapasa hivyo, ingawa nazo zimo. Nchini Marekani wauguzi waliofuatiliwa kwa miaka mingi walionyesha hivyo: waliofanya kazi za zamu ya usiku kwa miaka 20 au zaidi walikuwa na hatari ya kuvunjika nyonga au kifundo cha mkono iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 37. Si kila aliyekesha alivunjika, na kukesha huja na mambo mengine, jua kidogo, chakula cha saa mbovu, kuchoka. Lakini mtu akijiuliza ni nani anayelipa ili wodi isilale, sehemu ya jibu imo ndani ya mifupa ya wauguzi.

Kukesha kwenyewe hakukuanza na hospitali. Mwaka 2017 watafiti, miongoni mwao Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza jinsi Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wanavyolala. Watu wazima 33 walivaa vipimo vya usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18. Wakati wote mwingine alikuwapo aliye macho, mzee aliyeamka mapema, kijana aliyechelewa kulala, mama aliyegeuzwa na mtoto. Hakuna aliyeandikiwa zamu. Tofauti za umri ziligawa ulinzi, na kwa kuwa uligawanyika, hakuna mgongo mmoja ulioubeba peke yake.

Mji wa leo umeubadilisha mgawo huo. Mlinzi wa hoteli ya ufukweni hukesha mwaka mzima. Muuguzi huzungushwa zamu kwa ratiba iliyopangwa na mtu anayelala nyumbani kwake. Mabinti na akina mama wa mwani wa Mlingotini walau huamrishwa na bahari: hushuka kwenye vitalu vyao wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, na saa ya maji husogea karibu dakika 50 kila siku, leo mapema, kesho kuchelewa kidogo, kisha maji mafu yakawapumzisha. Mwili unaweza kuishi na mwendo wa namna hiyo. Kuishi na ratiba inayoruka kutoka usiku kwenda mchana ndani ya wiki moja ni taabu zaidi, na fedha za posho ya usiku hazinunui usingizi mzito wa saa tano. Kama mtu hana ruhusa ya kuudhulumu mwili wake mwenyewe kwa kukesha katika ibada, ni vigumu kuona tajiri au ofisi imeipata wapi ruhusa ya kuudhulumu wa mwenzake kwa mshahara. Anayemwajiri mtu usiku ameazima kitu kisichokuwa chake, na pia kisichokuwa cha huyo mwajiriwa kikamilifu, kwa kuwa katika dini zote mbili za mji huu mwili ni amana. Amana ina adabu zake. Zamu za usiku zinaweza kugawanywa kwa wengi. Mapumziko baada ya zamu yanaweza kuwa ya siku nzima. Mtu wa miaka 50 na zaidi anaweza kuondolewa kwenye usiku bila kupunguziwa riziki. Na kwenye kibahasha, mstari mmoja zaidi wa kalamu ungetosha kuandika lini: baada ya alfajiri, kabla ya kula, wakati wa kulala. Wagonjwa wa pwani tayari wanazo saa tano zenye majina, na hawahitaji kununua saa ya mkononi ili kuzifuata.

Wavuvi wa dagaa wana mpango wao. Usiku za giza la mwezi ndizo zao za kazi: boti hutoka jioni na taa, zamani karabai na sasa mara nyingi taa za umeme wa jua, na dagaa huufuata mwanga kama walivyoufuata tangu enzi za babu za wavuvi. Mwezi ukipevuka, mwanga wa mbinguni huzishinda taa, na mabaharia hukaa pwani. Kwa hiyo mwezi mmoja una wiki za kukesha na wiki za kulala, na hakuna tajiri wa boti awezaye kuubishia mwezi mpevu.

Asubuhi ya giza, boti huingia mbele ya jengo la forodha ya zamani kabla jua halijapanda. Mnada huanza, ndoo hupita kichwani, madalali hupandisha bei, na moto huwashwa chini ya mafuta ya kukaangia. Kufikia saa tatu kelele zimehamia barabarani pamoja na magari ya kwenda Dar es Salaam. Chini ya kivuli cha banda, juu ya nyavu zilizokunjwa, mabaharia wamelala, kofia zimefunika macho kuzuia mwanga ule unaoiambia saa ya ubongoni kwamba kumekucha. Mama mwenye beseni la samaki wa kukaanga anafika hapo, anazitazama sura, anazunguka upande wa pili wa boti, na anaanza kuuza kwa sauti ya chini.